Tathmini ya darasa la jioni la Vuga: fosfati moja na chaneli ya kalsiamu

Walimu wenzangu wa baiolojia katika skuli za sekondari za Unguja wamekuwa wakiniuliza kama darasa la jioni linalofanyika Vuga, juu ya seli za ubongo, lina thamani ya ada yake. Kwa kuwa nimelihudhuria muhula mzima, nimeona ni haki nijibu kwa maandishi ili na wengine wanufaike. Darasa linaendeshwa na kituo binafsi cha masomo ya ziada, katika ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, na huanza baada ya sala ya Isha ili wauguzi wanaotoka zamu na walimu wanaotoka kwenye tuisheni zao wawahi kufika. Ada hulipwa kwa mwezi, nayo haizidi kile ambacho mzazi hulipa kumsomeshea mtoto wa kidato cha sita masomo ya ziada. Muhula wote ulikuwa na mada moja tu: jinsi kikundi kidogo cha atomi, hasa fosfati, kinapopachikwa kwenye protini, kinavyobadilisha kiasi cha kalsiamu kinachoingia katika seli ya ubongo. Sijapata kuhudhuria hapa visiwani darasa la fani hii lililonifaidi kama hili, na kasoro yake kubwa imo katika vitini, haimo katika ufundishaji.

Mwanzo wa muhula ulikwenda mbio, na sikuuonea ubaya. Maalim alitaka tukubali mambo machache kisha tuendelee. Nje ya seli ya neva kuna kalsiamu ya kiasi cha milimoli moja hadi mbili kwa lita. Ndani yake, seli ikiwa imetulia, kuna nanomoli 100 hivi, yaani tofauti inayofikia mara 10,000 na zaidi. Seli hutumia nguvu nyingi kuitunza tofauti hiyo, kwa sababu kalsiamu ikishaingia huwa ni ujumbe: kwenye ncha ya neva huamuru kemikali za mawasiliano zimwagwe katika sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine, na kwenye matawi na kiwiliwili cha seli huweza kuwasha jeni. Inapita katika chaneli, yaani protini zenye tundu zilizopenya utando wa seli, ambazo huhisi volteji. Kwa wanyama wanaonyonyesha, protini kuu ya chaneli hizo hutokana na jeni 10, zilizogawanywa katika familia tatu zinazoandikwa Cav1, Cav2 na Cav3. Protini hiyo ina sehemu kuu nne, kila moja ikiupenya utando wa seli mara sita, na mpenyo wa nne katika kila sehemu umebeba chaji chanya zinazohisi badiliko la volteji. Mtu aliyesoma baiolojia ya kidato cha sita anaweza kuyafuata hayo bila taabu.

Uzito wa somo ulianza tulipofika kwenye fosfati. Katika miaka ya 1950 Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakichunguza kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni, walionyesha kwamba protini huwashwa kwa kupachikwa fosfati na huzimwa fosfati hiyo inapoondolewa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Earl Sutherland, aliyeigundua AMP-duara, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, alikuwa ameipata yake mwaka 1971, na Paul Greengard, aliyeonyesha kwamba utaratibu huohuo unafanya kazi katika seli za neva, alikuwa miongoni mwa watatu walioipata mwaka 2000. Maalim hakuyataja majina haya kwa ajili ya kupamba somo. Aliyatumia kujenga mnyororo mmoja, akauandika ubaoni na kuuacha hapo muhula mzima, nasi tukawa tunarejea kwake kila jioni: noradrenalini, moja ya kemikali za mawasiliano, inakishika kipokezi chake kiitwacho beta, kipokezi kinaiamsha protini ya G, protini ya G inakiamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP-duara, AMP-duara inaiachia huru kinasi A, kimeng'enya kinachopachika fosfati, na kinasi A inachukua fosfati moja kutoka kwenye ATP na kuipachika kwenye asidi amino iitwayo serini katika protini ya chaneli. Serini yenyewe haina chaji. Ikishapachikwa fosfati hubeba chaji hasi zipatazo mbili, na chaji hizo huvuta na kusukuma vilivyo karibu yake mpaka umbo la sehemu ile ya protini linabadilika.

Jioni niliyoiona bora kuliko zote ni ile tuliyoambiwa tuje na rula. Kila mmoja alipewa karatasi yenye kumbukumbu mbili za umeme, zilizorekodiwa kutoka kwenye chaneli moja peke yake kwa mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann, wale waliotunukiwa Nobel mwaka 1991. Kumbukumbu ya kwanza ni ya kabla ya kinasi A kuamshwa, ya pili ni ya baadaye. Katika zote mbili unaona mstari umenyooka, halafu ghafla unashuka, unatulia chini kwa muda mfupi mno, kisha unarudi juu; kila mshuko ni chaneli imefunguka. Tukaambiwa tupime kina cha kila mshuko kwa rula. Tukapima, tukaandika, tukalinganisha na jirani, na kina kikawa kilekile kabla na baada. Ndipo tulipoambiwa tuihesabu mishuko na tupime upana wake, na hapo tofauti ikajitokeza: baada ya kinasi A kuamshwa mishuko ni mingi zaidi, na baadhi yake ni mipana zaidi. Kwa hiyo fosfati haiongezi upana wa tundu hata kidogo. Inachoongeza ni uwezekano wa chaneli kufunguka, ambao kwa aina hii ya chaneli huwa mdogo hata volteji inapokuwa ya kufaa.

Nimesomesha miaka mingi, na najua kwamba wanafunzi wengi, pamoja na baadhi yetu tunaowasomesha, tunadhani "kuongezeka kwa mkondo" maana yake ni tundu kupanuka. Kazi ile ya rula iliing'oa dhana hiyo bila hotuba. Maalim pia alijizuia kutumia mfano ambao kila mtu hapa mjini angeukimbilia, wa mlango wa Mji Mkongwe wenye komeo na walinzi, nami naamini alifanya vyema, kwa sababu mlango ukifunguliwa hukaa wazi mpaka mtu aufunge, ilhali chaneli hufunguka na kufunga yenyewe mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kinachodhibitiwa ni wingi na urefu wa kufunguka huko.

Suala la mahali lilitengewa muda wa kutosha pia. Inapokuwa kinasi A imo mwilini kote, vipi inajua kuipachika fosfati chaneli hii na si protini nyingine elfu moja zilizo jirani? Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba katika ubongo chaneli ya Cav1.2, mojawapo ya familia ya Cav1, imeshikana na kipokezi cha beta-2 chenyewe, protini ya G, kimeng'enya cha AMP-duara, kinasi A, na hata fosfatasi inayoiondoa fosfati, vyote katika kundi moja. Kinasi inashikiliwa pale na protini nanga, na protini nanga hiyohiyo huweza kushikilia kalsinurini, fosfatasi inayoamshwa na kalsiamu yenyewe. Maana yake, ile kalsiamu inayoingia kwa sababu ya fosfati huiamsha protini inayokuja kuiondoa fosfati. Wanafunzi wawili wa udaktari waliokuwa nyuma yangu waliliona jambo hili kabla halijatajwa, mmoja akasema kwa sauti, "Kwa hiyo Maalim, inajifunga yenyewe," na Maalim akamwita ubaoni auchore mzunguko wote mwenyewe. Alikosea mshale mmoja, akarekebishwa na wenzake, na darasa likaendelea. Kwangu, namna hii ya kumwachia mwanafunzi chaki ni moja ya sababu za kulipa ada.

Sasa niiseme kasoro. Kitini cha wiki ya nne, ambacho kinauzwa mbali na ada, kinaandika kwamba serini ya nafasi ya 1928 katika Cav1.2 ndiyo ambayo kinasi A huitumia kuongeza mkondo wa kalsiamu "katika moyo na ubongo". Kwa ubongo maelezo hayo yana msingi. Panya waliobadilishiwa jeni ili mahali pa serini hiyo pawe na alanini, asidi amino isiyoweza kupachikwa fosfati, hupoteza katika seli zao za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, lile ongezeko la mkondo linaloletwa na kipokezi cha beta-2, na hupoteza pia aina ya uimarishaji wa sinapsi unaolitegemea. Utafiti mwingine uliongeza jambo la kupendeza: serini hiyo ikishapachikwa fosfati, kipokezi huachana na chaneli kwa dakika kadhaa, na katika muda huo chaneli haiwezi kuitikia tena. Lakini kwa moyo habari ni nyingine kabisa. Ilijulikana tangu 2008 kwamba panya wenye alanini mahali pa serini 1928 wana mioyo inayoitikia kichocheo cha kipokezi cha beta kama kawaida, na mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba katika moyo kinasi A inaipachika fosfati protini nyingine ndogo, iitwayo Rad, ambayo kwa kawaida huizuia chaneli. Rad ikipachikwa fosfati huachia, na chaneli inakuwa huru.

Kwa hiyo chaneli ni ileile na kinasi ni ileile, lakini mioyo na ubongo wanatumia njia tofauti. Hilo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii, kwa kuwa linamfundisha mtu asihamishe matokeo kutoka kiungo kimoja hadi kingine kwa sababu tu jina la protini linafanana. Ajabu ni kwamba Maalim alilieleza vizuri sana kwa mdomo, akatumia karibu jioni nzima, huku kitini kilichochapwa mikononi mwetu kikisema kinyume chake. Muuguzi anayekosa jioni moja kwa sababu ya zamu atasoma kitini peke yake na ataondoka na kosa. Nililifikisha jambo hili kwa msimamizi wa kituo, nikaambiwa vitini vilikwishachapwa kwa wingi na vitatumika mpaka viishe. Siridhiki na jibu hilo. Karatasi moja ya masahihisho, iliyokunjwa na kutiwa ndani ya kila nakala, haiwezi kuwa mzigo mkubwa kwa kituo kinachotoza fedha kwa kila kitini.

Jioni za Cav2, chaneli za kwenye ncha za neva, zilikuwa nzuri kwa sababu zilionyesha kwamba fosfati huweza kuongeza mkondo bila kuichochea chaneli yenyewe. Mofini na jamaa zake hupunguza maumivu kwa sehemu fulani kwa kuziamsha protini za G, ambazo kipande chake cha beta-gama hukishika kipande kinachounganisha sehemu ya kwanza na ya pili ya Cav2.2 na kuifanya chaneli iwe nzito kufunguka. Kinasi C, jamaa ya kinasi A, inaweza kupachika fosfati kwenye kipande hichohicho, na ikishafanya hivyo beta-gama haikishiki tena vizuri. Utafiti uliotoka mwaka 1997 ndio ulioliweka wazi jambo hili. Mkondo unaongezeka kwa sababu kizuizi kimeondolewa. Hapa Maalim alitoka kidogo nje ya mada, na nashukuru alifanya hivyo, akatuonyesha picha za konokono wa baharini wenye magamba yenye umbo la pia. Sumu ya mmoja wao, Conus geographus, huziba Cav2.2, na konokono huyo yumo katika bahari yetu ya Hindi na ameshaua watu. Kutokana na jamaa yake, Conus magus, ilipatikana dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ambayo hutiwa moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo. Naliongeza hili kwa wanaopeleka wanafunzi pwani maji yanapotoka: konokono wa namna hiyo akiwa hai asiokotwe kwa mkono, hata kama gamba lake linapendeza.

Maswali yalipewa nafasi ya kutosha, na yalitoka katika maisha ya watu. Muuguzi mmoja wa makamo, ambaye kila jioni alikaa safu ya mbele, aliuliza, "Maalim, niwie radhi kama swali langu ni la kitoto. Wagonjwa wangu wa presha wanakunywa amlodipini, na amlodipini inafunga chaneli za kalsiamu. Vipi basi ubongo wao unaendelea kufanya kazi?" Maalim akamjibu, "Si la kitoto, dada yangu, hilo ndilo swali la mtihani," kisha akalijibu kwa utaratibu. Dawa hiyo huishika hasa familia ya Cav1, haizigusi sana Cav2 ambazo ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kumwaga kemikali katika sinapsi. Haiingii kwa urahisi katika ubongo. Na huzishika chaneli zaidi pale utando unapokaa kwa muda mrefu katika volteji ya juu, hali inayopatikana zaidi katika misuli ya mishipa ya damu kuliko katika neva. Mtu mwingine akauliza kuhusu wazee na usahaulifu. Akaelezwa kwamba katika hipokampasi ya panya wazee ilionekana serini 1928 imepachikwa fosfati zaidi kuliko kwa panya vijana, utafiti wa mwaka 2003, na akaonywa mara moja kwamba hayo ni ya panya na hayampi mtu ruhusa ya kumwandikia mzee dawa. Uangalifu wa namna hiyo ni adimu katika tuisheni zetu, na ninauheshimu.

Kilichonisikitisha ni jinsi mabadiliko mengine ya kikemikali yalivyobanwa yote katika jioni moja ya mwisho. Tulipewa kwa haraka habari ya asidi ya palmiti, mafuta yanayopachikwa kwenye protini saidizi ya beta-2a na kuishikiza kwenye utando, jambo linaloifanya chaneli ichelewe kujizima. Tukapewa habari ya yubikwitini, kiprotini kinachopachikwa kwenye chaneli ili ipelekwe kuvunjwa, na ya kimeng'enya USP5 kinachoiondoa na hivyo kuziacha chaneli nyingi za Cav3.2 katika neva za maumivu. Habari ya sukari ikaguswa kwa dakika chache tu. Hiyo ya sukari ilistahili jioni yake. Chaneli ya Cav3.2 hupachikwa minyororo ya sukari, na katika panya wenye kisukari neva za maumivu zilizo kando ya uti wa mgongo huonyesha mkondo mkubwa kupita kiasi. Watafiti walipotumia kimeng'enya kinachokata ncha za minyororo hiyo, mkondo ulipungua na panya wakapungukiwa na uchungu. Darasa lilikuwa na wauguzi wanaowaona kila siku watu wenye kisukari wanaolalamika kwamba nyayo zinawaka moto, na wengi wao wanazijua gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, ambazo hushika protini saidizi ya alfa-2-delta ya chaneli hizihizi za kalsiamu. Waliokuwa na haja kubwa zaidi ya somo ndio waliopewa muda mdogo zaidi, ilhali historia ya mbinu za kurekodi umeme ilichukua jioni mbili ambazo moja ingetosha. Nawaomba waandaaji wa muhula ujao wabadilishe mpangilio huo.

Chumba ni safi, kina feni na taa ya akiba umeme unapokatika, na kina safu za kinamama zenye nafasi ya kutosha. Kinachokosekana ni mpango wa usafiri kwa wanaotoka mbali: darasa linapokwisha, daladala za Bububu na Fuoni huwa zimeshapungua, na wanaokaa huko huondoka kabla ya maswali, ambayo ni sehemu bora ya somo. Kuanza mara baada ya Magharibi, na kusimama kidogo kwa ajili ya Isha, kungewasaidia. Wanaotoka Pemba hawana njia kabisa, kwa kuwa masomo hayarekodiwi.

Anayetaka kujiunga apitie kwanza kemia ya asidi amino, hasa serini na threonini, na ajue chaji zinavyovutana na kusukumana; asiyeyajua hayo atapotea jioni ya pili na atafikiri ni kosa la mwalimu. Aje na rula na karatasi za mraba. Na akinunua kitini cha wiki ya nne, akifungue ukurasa wa serini 1928, alikate neno "moyo" kwa kalamu, na aandike pembeni "Rad, 2020".